Mgeni Kwenye Kochi la Maharusi: Tabora Iliyaona Haya Kabla ya Hollywood

Jamaa anaitwa Carl. Kaoa juzi tu, harusi imefungwa Hawaii, bibi harusi ni Molly, mwalimu wa shule, na maisha ya wawili ndiyo kwanza yanaanza. Mara anaibuka mshikaji wake wa tangu utotoni, Dupree. Kazi hana tena, maana aliipoteza kwa sababu ya kwenda kwenye harusi hiyohiyo. Na kwa kuwa kazi hana, hata pa kulala hana. Carl, kwa moyo mweupe, anamwambia njoo ukae kwetu siku chache.

Siku chache! Kila mwenye sebule anajua maana ya maneno hayo.

Aliyeiangalia You, Me and Dupree anajua kilichofuata. Dupree analala uchi kwenye kochi la maharusi. Anakaribia kuiteketeza sebule kwa moto. Anafukuzwa, halafu Molly anamkuta nje akinyeshewa na mvua, anamwonea huruma, anamrudisha. Baadaye Dupree anakuwa mtu mzuri kiasi kwamba Carl ndiye anaanza kujiona mgeni ndani ya nyumba yake. Filamu ilitoka mwaka 2006, ikaongozwa na ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, walewale waliokuja kuongoza Avengers: Endgame. Wakosoaji waliiponda. Lakini wakosoaji wengi hawajawahi kukaa chumba na sebule Mbagala huku binamu wa mume amelala juu ya kochi wiki ya sita, rimoti kifuani, bando la Wi-Fi ya nyumba limekwisha, na ukimuuliza mipango yake anasema "nasikilizia mchongo fulani hivi".

Mwaka huohuo wa 2006, bila uhusiano wowote na Dupree, Tanzania iliingiza jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayosubiri kuwa urithi wa dunia. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikapita Kilimatinde, ikaingia Unyamwezi kwenye mji wa Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kilomita 1,200 hivi, kwa miguu. Na katikati yake ulikuwepo mji ambao kazi yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa kupokea wageni. Kama kuna sehemu Afrika Mashariki ambayo ingeweza kumwambia Carl "sisi tulishayapitia", ni Tabora.

Hata jina lenyewe. Wenyeji wengi husimulia kwamba Tabora limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Chakula cha safari hicho, hakiozi, unatia kwenye mfuko unatembea. Mji wenye jina la msosi wa kumfungia mgeni anapoondoka. Ujumbe unajieleza.

Sasa, kuna methali ambayo kila Mswahili kaisikia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa anaeleza ujamaa ni nini, na Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Tabora kwa maana ya shule, aliingia pale kusoma mwaka 1937. Watu huitaja methali hii wakicheka, lakini ukiipeleka kwenye njia ya misafara ya karne ya 19 inapata shida ya hesabu. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Tabora, ambayo wakati huo wageni waliiita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Mtu aliyetembea siku 134, nusu ya safari akiwa na homa, huwezi kumwambia keshokutwa chukua jembe. Tena wapagazi waliotoka naye pwani mkataba wao mara nyingi uliishia hapo. Ilibidi atafute wengine, na wapagazi wazuri walikuwa Wanyamwezi, na Wanyamwezi mvua zikianza wanarudi makwao kulima. Kwa hiyo mgeni anasubiri. Wiki tano, miezi mitatu, wengine zaidi. Wenyeji ndio waliokwenda shambani na jembe, mgeni akabaki kivulini.

Watu wa njia hiyo hawakuwa wajinga lakini. Walikuwa na mbinu, na mbinu ya kwanza ilikuwa kwenye ramani ya kijiji. Vijiji vya Wanyamwezi vilikuwa na iwanza, nyumba ya jumuiya, na kwa kawaida zilikuwa mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Wanaume walishinda iwanza yao wakivuta tumbaku, wakicheza bao, wakipiga soga na kurekebisha silaha zao. Msafiri akifika, hapo ndipo alipokaribishwa. Burton aliandika habari zake kwa urefu. Fikiria maana yake kwa maharusi: rafiki wa bwana harusi anaingia kijijini jioni, anasalimiwa vizuri, anapewa chakula, halafu anakwenda kulala iwanza pamoja na wanaume wengine wanaokoroma. Kochi la maharusi halimhusu. Mgeni alikuwa wa kijiji kizima na gharama yake ilikuwa ya kijiji kizima.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliojenga Tabora walikuja na mbinu yao. Nyumba zao, tembe za kuta nene na paa bapa la udongo, zilikuwa na baraza mbele. Mgeni anakaa barazani, anakunywa kahawa barazani, biashara inaongelewa barazani. Ndani ni kwa familia. Mgeni angeweza kula kwa mtu mwezi mzima asijue sura ya mke wa mwenye nyumba.

Na kwa upande wa harusi yenyewe, utamaduni wa pwani uliopanda na misafara ulikuwa na kitu ambacho Hollywood ingekigeuza filamu nyingine nzima. Kuna fungate, siku saba ambazo maharusi wanaachwa wapumue, wanaletewa chakula, hawasumbuliwi. Lakini ndani ya nyumba hiyohiyo anakuwepo mtu wa tatu, tena kwa mwaliko rasmi: kungwi, au somo wa bibi harusi, mama mtu mzima anayemwelekeza bi harusi na kuhakikisha mambo yanakwenda. Yaani Waswahili waliona kwamba nyumba ya maharusi lazima itapata mgeni tu, wakaamua bora wamchague wao, wampe kazi, na wampangie siku ya kuondoka. Dupree hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Halafu utani. Hili la utani linastahili heshima zaidi kuliko linayopewa siku hizi kwenye mitandao, ambako limebaki kuwa ni kurushiana madongo ya mpira. Wanyamwezi walikuwa na utani na makabila kadhaa yaliyokaa kando ya njia mpaka pwani, na waliochunguza asili yake wanauhusisha sana na misafara: watu waliopita kwa wenzao mwaka hadi mwaka, wakapigana, wakapatana, wakaishia kuwa watani. Mtani wako ana ruhusa. Anaweza kuingia kwako bila hodi, akachukua kuku, akakutukana, akakaa kwenye kiti cha bibi harusi akadai hatoki mpaka apewe kitu. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini kesho wewe utakwenda kwake ufanye vilevile. Usumbufu wa mgeni umegeuzwa mchezo, na mchezo una zamu. Ukiangalia kwa makini, Dupree anafanya kila kitu cha mtani isipokuwa kwamba Carl hana nyumba ya Dupree ya kwenda kulipiza.

Mbinu ya mwisho ilikuwa hongo. Leo neno limechafuka, ni rushwa, lakini kwenye njia ya misafara hongo ilikuwa malipo ya wazi: unaingia kwenye nchi ya mtu, unampa mtemi wake vitambaa, merikani au kaniki, na shanga, ndipo unapita. Ugogo walikuwa wakali kinoma kwenye hili. Wageni wa Kizungu walilalamika kwenye kila kitabu walichoandika kuhusu hongo ya Ugogo, kana kwamba wenye nchi walipaswa kuwapa maji ya visima vyao bure katika nchi kavu vile.

Iwanza, baraza, kungwi, utani, hongo. Mambo haya yote yalimchukulia mgeni kuwa mtu anayepita. Tatizo la Tabora lilianza pale mgeni alipooa.

Mtemi wa Unyanyembe, nchi ambayo Tabora ilikuwa ndani yake, alikuwa Fundikira. Binti yake aliitwa Karunde. Karunde aliolewa na mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Muhammad bin Juma. Jina la bwana harusi huenda halikukumbushi kitu, lakini la mwanawe litakukumbusha, kwani ndiye baba wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wote kwenye njia ile. Tippu Tip hakuwa mtoto wa Karunde. Mama yake alikuwa mwanamke mwingine, Bint Habib, kwa hiyo Karunde aliolewa na mtu ambaye tayari alikuwa na familia. Ila mtoto huyo wa kambo ndiye aliyekuja kuandika kwa Kiswahili, uzeeni Zanzibar, habari za maisha yake, na humo anaeleza jinsi ndoa ile ilivyompandisha baba yake cheo Unyanyembe. Alikuwa mkwe wa mtemi. Alikuwa na sauti. Hakuwa tena mtu wa kukaa barazani.

Ndoa ile ilikuwa na faida kwa pande zote, tusidanganyane. Fundikira alipata mkwe mwenye bidhaa za pwani, bunduki zikiwemo. Mkwe akapata nchi. Na Unyamwezi ya wakati ule jembe la chuma lilikuwa mali hasa, linauzwa sokoni, linaingia kwenye mahari. Hapo methali inageuka kichekesho kabisa, kwamba mgeni anayeoa ndiye anayetakiwa kuleta majembe ukweni, lakini akishayaleta na kupewa mke, nani atamwambia akalime?

Karunde mwenyewe alionaje? Hakuna aliyemuuliza, au aliyemuuliza hakuandika. Burton aliandika kurasa juu ya kurasa kuhusu bei ya shanga, Tippu Tip aliandika juu ya vita na pembe. Kuhusu binti aliyekuwa mlango wa yote hayo, jina na ndoa basi. Kwenye filamu angalau Molly anapata kusema kwamba amechoka.

Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Aliyemrithi aliitwa Mnywa Sele, na huyu alikuwa kijana wa mambo mengine. Aliangalia mji uliojaa wafanyabiashara wanaotajirika kwenye ardhi yake, akawaambia sasa mali inayoingia hapa italipiwa kodi. Kwa maneno mengine, siku ya tatu imefika, jembe hili hapa.

Wageni wakakataa.

Hapa ndipo stori inapoacha kuchekesha. Mzozo ukawa vita. Wafanyabiashara walikuwa na bunduki, fedha, na washirika ndani ya ukoo wa watemi wenyewe, maana ukishakaa kwenye nyumba ya watu muda mrefu unajua nani hampendi nani. Mnywa Sele akafukuzwa. Mahali pake akawekwa mtu aliyekubalika kwa wafanyabiashara, Mkasiwa. Mwenye nyumba akatolewa nje, mgeni akachagua mwenye nyumba mwingine.

Mwezi Januari 1861 Speke alikuwa njiani tena kuelekea Tabora, safari hii akiwa na James Grant. Kabla hawajafika, Mnywa Sele aliingia kambini kwao akiwa na watu wapatao 30 wenye silaha. Akawasimulia yote: kodi aliyodai, jinsi alivyopigwa, jinsi anavyowindwa porini katika nchi ya baba yake. Alimwomba Speke awe mpatanishi. Speke alijaribu alipofika Tabora, akaongea na pande zote, haikusaidia kitu. Ni tukio la ajabu likitazamwa kwa mbali. Mtemi halali wa Unyanyembe anakwenda kuomba hifadhi kwenye hema la mgeni, ili mgeni huyo akamwombee kwa wageni wengine aruhusiwe kurudi kwake. Carl naye kuna sehemu kwenye filamu anakosa pa kulala wakati Dupree yuko ndani, na watu ukumbini wanacheka. Mnywa Sele alitangatanga hivyo akipigana vita vya kuvizia hadi alipouawa mwaka 1865.

Vita hivyo vilikula hata wageni wema. Snay bin Amir ndiye aliyempokea Burton mwaka 1857. Alianza maisha Maskati akitengeneza vitu vitamu vya kuuza, akaja bara, akatajirika kwa pembe na kwa watumwa. Burton, ambaye hakuwa mtu wa kusifia watu ovyo, alimsifia. Alimpa nyumba, akawa anakuja kukaa naye jioni, akamfundisha habari za nchi, lugha, njia na maziwa. Maelezo ya wenyeji hao wa Tabora kuhusu ziwa kubwa la kaskazini ndiyo yaliyomsukuma Speke apande peke yake kutoka Tabora Julai 1858, na mapema Agosti akafika Mwanza na kulibatiza ziwa lile jina la malkia wake. Mgeni alipewa ramani ya nyumba, akatoka nayo akaandika jina lake juu. Snay hakuona umaarufu wowote wa jambo hilo. Aliuawa mwaka 1861 kwenye vita dhidi ya Mnywa Sele.

Miaka 10 baadaye alifika mgeni mwingine, na huyu ndiye Dupree hasa. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, umri miaka 30, aliingia Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta David Livingstone. Akapewa tembe nzima Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Kisha kikaja chakula. Stanley mwenyewe aliorodhesha: lundo la wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu, na baada ya hapo watu wakaja wakiswaga ng'ombe 5, kondoo 8 na mbuzi 10, na mwingine na kuku dazeni na mayai dazeni. Mtu mmoja na msafara wake, siku ya kwanza.

Sasa tulia hapo kidogo kwenye lile lundo la wali. Nani aliutwanga? Nani alichota maji, nani aliamka kuwasha moto, nani alichinja? Stanley anataja waliotuma sinia, hawataji waliopika. Tabora ya wakati huo nyumba kubwa zilikuwa zimejaa watumwa, wengi wao wanawake waliotolewa Manyema na kwingineko magharibi. Hao hawakuwa wenyeji na hawakuwa wageni. Hawakuingia kwa hodi, na hakuna aliyewahesabia siku mbili. Jembe walipewa siku ya kwanza. Ukarimu ule wote ambao wageni wa Kizungu waliusifia kwenye vitabu vyao ulipikwa na watu hao, na kati yao ni vigumu kupata hata jina moja kwenye vitabu hivyo.

Stanley aliposhiba aliingilia ugomvi wa nyumba. Wafanyabiashara wa Tabora walikuwa na mzozo na Mirambo wa Urambo, mtemi aliyekuwa anajenga dola lake upande wa magharibi na alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Mgeni mwenye busara angekaa kimya. Stanley alichukua watu wake na bendera ya Marekani akaenda vitani pamoja na wenyeji wake, Agosti 1871, akiwa na hesabu kwamba Mirambo angepigwa haraka njia ikafunguka. Mirambo aliwatia adabu. Waliomkimbiza wakanaswa kwenye mtego wake, jeshi likatawanyika, kila mtu akakimbilia kwake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikateketezwa, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa mji, akauawa. Mgeni akajifungia Kwihara kwenye tembe ya watu. Mwezi uliofuata akafungasha, akachukua njia ya kusini, akawaachia wenyeji vita vyao. Vikaendelea miaka.

Aliporudi Februari 1872 alikuwa na Livingstone, akampeleka kwenye tembe ileile. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akabaki anasubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani hadi mwishoni mwa Agosti. Miezi mitano na zaidi peke yake, mzee anayeumwa, mpinga biashara ya utumwa, akiishi katika jirani ya wafanyabiashara wa watumwa, nao wakimjulia hali. Lazima baraza ile ilikuwa na ukimya fulani.

Yaliyobaki yalikwenda kasi. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora, na makubaliano yake aliyafanya na wafanyabiashara wa Kiarabu wa mjini. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwepo, yuko hai, kwenye boma lake, lakini wageni walikubaliana na wageni kuhusu nyumba. Isike alikataa. Januari 1893 Wajerumani walipovunja boma, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912, safari ya siku 134 ikawa ya siku mbili tatu, na iwanza hazikuwa na kazi tena.

Ndiyo maana siku hizi shangazi akipanda treni Tabora na dumu la asali na mfuko wa matobolwa, anashukia moja kwa moja sebuleni. Hakuna tena nyumba ya kijiji ya kugawana gharama yake. Baraza hakuna, mwenye nyumba kaijaza fremu za maduka. Kungwi siku hizi yuko WhatsApp. Mtani hawezi kulipiziwa maana kwake ni geto la kupanga kama lako. Kilichobaki ni kochi, na maharusi wawili chumbani wakinong'ona nani atamwambia. Kwa kawaida mume anasema ni ndugu yangu siwezi, na mke, ambaye ndiye anayeongeza vikombe viwili vya unga kila jioni, anaambiwa avumilie. Akifungua mdomo yeye, ukoo mzima hadi Sikonge utajua kwamba fulani kaoa mwanamke mchoyo.

Tembe ya Kwihara bado ipo. Imejengwa upya, imekuwa makumbusho ndogo, miembe ya zamani ipo jirani, na watalii wachache hufika kwa bodaboda kutoka mjini. Ilikuwa nyumba ya wenyeji wa Unyanyembe kabla Stanley hajaletewa wali mle ndani, na Livingstone alikaa humo miezi michache tu ya mwaka 1872. Ukimuuliza dereva wa bodaboda akupeleke, ataijua kwa jina moja: nyumba ya Livingstone.